Masanduku ya Makopo na Ng'ombe wa Koko Venansia

Juzi kijana mmoja alinijia nyumbani na mtoto mchanga mgongoni. Mwanaume kabeba mtoto, kitenge kimefungwa vizuri kuliko cha mkewe. Dunia imebadilika na mimi sina ugomvi nayo. Akakaa, akatoa simu, akaniuliza: “Mzee Deo, pesa kidogo niko napata, niweke wapi, ili huyu akikomaa akute kintu?” Simu yake ilikuwa imeshampa majibu mengi, na kila jibu lilikuwa na picha ya mtu aliyevaa tai anacheka peke yake. Nilimwambia aizime kwanza.

Basi na nyinyi vijana wengine mnaonisoma, kaeni. Sikuwahi kufanya kazi benki, na aliyewaambia kwamba najua mambo ya uchumi kawadanganya. Nilikuwa fundi wa makopo. Nimekaa miaka mingi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nikitengeneza masanduku ya bati kwa makopo matupu ya mafuta ya kupikia, yale ya msaada. Katika miaka ya mwanzo, kambi ilipokuwa bado changa na sisi bado tuna haraka, karibu kila sanduku lililotoka mkononi mwangu lilikuwa la kuwekea mali ya mtoto fulani. Nimeona watu wakiweka akiba vitu ambavyo hata panya walivikataa.

Kazi yenyewe niliifundishwa Uvira na Mzee Sadiki, mtu mkali asiyekuwa na vidole vyote. Kila kidole kilichokosekana alikifanya somo. “Hiki kilikwenda kwa sababu sikukunja ukingo mara mbili,” anasema, anakuonyesha pengo, na wewe unakunja ukingo mara tatu. Alinifundisha kwamba kopo hufunguliwa kwenye mshono wa ubavuni, si popote unapopenda. Kwamba bati lioshwe kwa majivu hadi liishe mafuta, maana bati lenye mafuta halishiki lehemu hata ulipigie magoti. Na alinifundisha kumuuliza mteja: “Ni kitu gani kitalala humu?” Nguo zinataka sanduku lililobana, mbegu zinataka matundu ya kupumulia, na Biblia inataka kufuli, kwa sababu kwenye Biblia ndimo watu wanamoficha kila kitu. Kwa swali hilo nilijua siri za kambi nzima bila kuwa mmbea. Mke wangu hakubaliani na hilo la mwisho.

Lazima mwelewe jinsi tulivyokuwa tunafikiri wakati ule. Sisi Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wa Dzaleka, kila mtu alikuwa anarudi kwao mwezi ujao. Ukimuuliza mtu kwa nini hapandi hata mche wa ndizi, anakuangalia kama umemtukana. Apande ale nani? Kwa hiyo mali ya mtoto ilikuwa na sharti moja tu: iweze kubebwa kichwani siku ya kurudi. Tukawa na desturi yetu ya kupima kichwa. Sanduku likiisha, mwenyewe anajaza mali yake, anaweka ngata, anajitwika, anatembea kutoka kwangu hadi kanisani na kurudi bila kulitua. Akilitua njiani, mali hiyo ni nzito mno, apunguze. Majirani walikuwa wanakuja kutazama kama mpira, na kulikuwa na wazee wawili waliokuwa wakibishana juu ya mwendo wa kila mama.

Aliyevunja desturi hiyo ni Ezekieli, mtu wa Rumonge kule Burundi, aliyekuwa na mtoto wa kiume anayetambaa. Kwacha, pesa ya huku, ilikuwa inayeyuka siku hizo. Ulikuwa unaweza kwenda Lilongwe na pesa ya mkate, ukasalimiana na watu wawili, ukafika dukani huna pesa ya mkate. Ezekieli akaona mbali: atanunua saruji sasa, siku wakirudi Rumonge amjengee mwanawe nyumba wakati wengine wanalia bei. Sote tulimsifu. Akaniagiza sanduku lenye chini mara mbili, akaingiza mfuko wake, akafunga. Kupima kichwa alikataa; alisema siku ya safari atakodi toroli.

Zikaja mvua. Mvua za huku mnazijua. Zilipokwisha tulifungua sanduku, na ndani hamkuwa na saruji tena. Kulikuwa na jiwe moja lenye umbo la sanduku langu, hadi alama za misumari yangu zilikuwa zimejichora juu yake. Nikisema ukweli, sijawahi kuona ushahidi mzuri zaidi wa kazi yangu. Ezekieli alibandua bati akanirudishia, na lile jiwe akaliweka mlangoni kuwa kizingiti. Miaka yote baadaye ukipita pale unamkuta yule mtoto amekalia urithi wake, anakula mandazi.

Sasa niwafikishe kwa Koko Venansia. Koko ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa koko wa kila mtu, mama mrefu mkavu wa Burundi ambaye akikusalimu unajikuta umesimama wima. Mwanawe wa kike alifariki njiani wakati wa kukimbia, mkwewe hakuonekana tena, na yeye alifika Dzaleka na vitu viwili: cherehani ya marehemu kichwani na mjukuu mgongoni. Mjukuu aliitwa Aline. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na tayari alikuwa anawaamuru watu.

Koko alikuwa na hofu moja na hakuificha. Alikuja kwangu asubuhi moja, akakaa juu ya debe, akasema: “Deo, mwanangu, mi nazeeka. Uyu mtoto hana mwingine. Nikikufa leo, kesho atakula nini? Na kesho ingine? Nataka kintu kitakachomuchunga mpaka akuwe mama.” Macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo ile cherehani ilikuwa imekaa bure. Ameamua kuiuza kwa fundi nguo wa Chilinde, kule Lilongwe, na pesa yake yote aigeuze kuwa mali ya Aline. Nimtengenezee sanduku. Nikamuuliza swali langu la kazi, ni nini kitalala humu? Akasema: “Njo iyo sijui.”

Kwetu mali ya yatima haiamuliwi na mtu mmoja. Ukoo unakaa, baba mkubwa anasema, shangazi anasema, mjomba anasema, halafu wanagombana, halafu wanakula. Lakini ukoo wa Aline ulikuwa umetawanyika, mwingine duniani na mwingine mbinguni. Koko akateua ukoo mpya. Mwalimu Kalume, Mkongo wa Uvira aliyefundisha shule ya msingi na mwenye suruali yenye upindo hata kambini, akawa baba mkubwa. Mama Godeliva, Mnyarwanda aliyekuwa akiuza vitenge soko la Chilinde, akawa shangazi. Mimi nikawa mjomba. Hatukuwa ndugu hata wa kuokota, lakini kikao cha kwanza hakijaisha tulikuwa tumeshagombana kama watu wa tumbo moja.

Mwalimu alisimama kwanza, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kusimama.

“Bon,” akasema. “Mi naona tununue zaire, pesa ya kwetu. Ile pesa iliisha kuanguka mpaka chini kabisa. Na kintu kikikuwa chini, kinabakia na njia moja tu: kupanda. C'est logique.”

“Mwalimu,” akasema Koko, “chini nako kuko na chini yake.”

“Koko, tuache kuogopa! Tukifika kule, uyu mtoto atakuwa tajiri.”

Mwalimu alikuwa na mzigo wake mwenyewe wa noti hizo, zenye sifuri nyingi kama mayai ya kuku. Tukazitia sandukuni, tukampima Koko kichwa. Alikwenda kanisani akarudi hata jasho hakutoka, akasimama njiani kusalimiana na watu, akacheka. Wale wazee wawili wakapiga makofi. Koko akatua sanduku, akalitazama kwa mashaka. “Kintu hakina uzito mu kichwa,” akasema, “kitakuwa na uzito mu soko?” Mwalimu alinuna hadi jioni.

Mama Godeliva akaja na vitenge. “Koko, kitenge haikufi. Muntu anazaliwa mu kitenge, anaolewa na kitenge, bakimuzika ni kitenge. Pesa zinabadilisha sura. Kitenge iko ile ile.” Maneno yalikuwa mazuri, na kichwani vitenge vilikaa vizuri, uzito wa heshima. Mimi niliunga mkono. Nilieleza ufundi wake: sanduku libane, na katikati ya nguo uweke majani makavu ya tumbaku, ambayo Malawi hayana shida, na hakuna mdudu atakayesogea. Nilijisifu kidogo. Nilisema hata vitenge vya mpwa wake Mama Godeliva vilikaa hivyo hivyo katika sanduku langu hadi siku ya ndoa.

Hapo Mama Godeliva akaanza kukohoa na kunikonyeza, lakini mimi nikikamata hadithi siiachi. Ikabidi tumalize kwa kumweleza Koko ilivyokuwa: kwamba bibi harusi aliingia kanisani akinuka tumbaku hadi safu ya tatu, kwamba mchungaji alisita katikati ya maombi akavuta pumzi mara mbili, na kwamba baada ya ibada alimwita faragha akamuuliza kwa upole ameanza lini kuvuta.

Koko alikuwa mtu wa kanisa sana. Akafunga kifuniko cha sanduku taratibu. “Aline wangu hatanuka tumbako mbele ya Mungu,” akasema, na hoja ya vitenge ikafa siku hiyo. Mama Godeliva akabeba vitenge vyake akarudi sokoni.

Ikabaki benki. Wazo lilikuwa la Mwalimu, aliyetaka kulipiza kisasi cha noti zake. Tukapanda matola, yaani pikapu za kulipia, Koko, Mwalimu na mimi, pamoja na Aline, tukaenda Lilongwe. Kwanza tukapita Chilinde kumalizana na fundi nguo kuhusu cherehani. Koko alilishika gurudumu lake mara moja, akalizungusha, akageuka. Nilitazama pembeni, kwa sababu nilijua anamwona nani ameketi mbele ya mashine ile. Aline alilia, lakini yeye alikuwa analilia ndizi.

Benki tulimkuta binti mmoja mpole, amesuka nywele vizuri, anaongea Kichewa na Kiingereza. Mwalimu alitafsiri kwa Kiingereza ambacho nusu yake kilikuwa Kifaransa, na yule binti, Mungu ambariki, aliitikia kila neno kama ameelewa. Koko aliomba kitu kimoja: aonyeshwe chumba ambamo pesa ya mtoto italala. Anataka kuona kama kina panya na kama kinavuja.

Binti akacheka, akamwita bibi kwa Kichewa, akasema, “Agogo, pesa hailali hapa. Pesa inafanya kazi.”

“Kazi gani?” akauliza Koko, Mwalimu alipokwisha kutafsiri.

“Tunawakopesha watu, wanafanya biashara, wanarudisha na zaidi.”

Koko alimgeukia Mwalimu. “Donc pesa ya yatima inaenda kutembea na bantu ambao hata siwajui majina, na mi niko nyumbani nangoja irudi? Mi niliisha kungoja bantu benyi, Mwalimu. Muulize: siku tutarudi kwetu, iyi nyumba itatufuata?”

Binti akasema kwa masikitiko kwamba nyumba haitawafuata, itabidi waje wenyewe hapa kuchukua. Koko akamshukuru, zikomo, zikomo kwambiri, akamwombea mume mwema mbele ya foleni nzima, tukatoka. Yule binti alikuwa bado anacheka huku anajifuta macho. Mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hatatafsiri tena maishani mwake.

Tulikuwa tunarudi, tumekaa juu ya magunia, wakati matola lilipofunga breki ghafla. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara bila wasiwasi wowote, na mwenye nao anakuja nyuma anatafuna muwa. Dereva alipiga honi. Ng'ombe hawakumjibu. Mimi na Mwalimu tulikuwa tunabishana, na ilichukua muda kutambua kwamba Koko anawatazama wale ng'ombe na uso wake umebadilika.

“Deo,” akasema. “Ile iko inajibeba.”

“Nini, Koko?”

“Ngombe. Haitaki kichwa cha muntu. Iko inajibeba yenyewe.”

Kikao cha pili kilikuwa kikali. Mwalimu alipiga meza, ambayo ilikuwa sanduku langu jipya. “Haiingii mu sanduku! Tulisema kintu kiingie mu sanduku!”

“Sanduku yake ni tumbo yake,” akasema Koko.

“Na siku ya kurudi kwetu?”

“Itatembea. Mi nilitoka kwetu na miguu mbili, yenyewe iko na ine.”

Niwaambieni vijana, mimi ni Mrundi, na sijui Mrundi anayeweza kushinda hoja ya ng'ombe. Kwetu mtoto mwenye ng'ombe ni mtu, na mtoto asiye na ng'ombe ni njaa inayotembea. Nilipiga kura upande wa Koko bila aibu, na Mama Godeliva, ambaye Wanyarwanda wenzake nao hawapishani sana na sisi kwa hilo, akasahau vitenge vyake palepale. Mwalimu alibaki peke yake. Huko kwake ziwani wanaelewa samaki.

Ng'ombe tulimpata kijiji cha jirani, kwa mama mjane wa Kichewa aliyeitwa Nabanda. Koko alimkagua mnyama yule kwa muda mrefu hadi jua likatuunguza. Alitazama meno, akanusa pumzi, akamtembeza mbele na nyuma, kisha akarudi nyuma hatua chache akamwita kwa Kirundi, ule wito mrefu wa wachungaji wa kwetu unaofanya nywele zisimame. Ng'ombe akaendelea kula.

“Haisikii Kirundi,” nikasema.

“Itajifunza,” akasema Koko. Akamwita Gaju, kwa sababu ya rangi yake ya hudhurungi, akamlipia.

Kambini hapakuwa na malisho, kwa hiyo Gaju alibaki kwa Nabanda. Mapatano yalikuwa mepesi: maziwa ya kila siku ya Nabanda, ila kibuyu kimoja cha Aline, ndama wa kwanza wa Aline, wa pili wa Nabanda, na kuendelea hivyo. Wale mama wawili hawakuwa na lugha moja. Mimi nilitafsiri kwa Kichewa nilichojifunza kwa kununua makopo, nacho kilikuwa na maneno mengi ya bei na machache ya heshima. Lakini neno ng'ombe ni lilelile kwa Kiswahili na kwa Kichewa, na niligundua kwamba ukishakuwa na hilo, mengine wanayamaliza kwa mikono. Koko akawa anakwenda kijijini kila mara na Aline mgongoni. Alimwimbia Gaju sifa zake mbele ya watu wa Nabanda, nao walikuwa wanatoka majumbani kutazama mwanamke mzima anamsifu ng'ombe macho. Walicheka, kisha wakaanza kuitikia. Sanduku langu, kazi nzuri ile, likageuka kiti.

Sasa ikaja habari ya lori. Mwalimu Kalume alikuwa amepata mfanyabiashara mwenye lori la kwenda Karonga, mbali kaskazini. Kutoka pale ni Tanzania, kisha ziwa, kisha nyumbani. Ilisemekana mambo yametulia. Dzaleka ilichemka. Nilitengeneza masanduku mchana kutwa, kila mtu anapima kichwa, wale wazee wawili wamekosa sauti kwa kubishana. Mimi mwenyewe nilishalipia nafasi yangu na ya mke wangu. Siku ya safari lori limejaa, Koko akafika kwa miguu kutoka kijijini, Aline mgongoni, kamba mkononi, na Gaju mwishoni mwa kamba. Nabanda alikuwa nyuma yao anazungumza bila kupumua.

Dereva alipoona ng'ombe alizima injini ili asikie vizuri anachoambiwa.

“Siombi nafasi,” Koko akamwambia kupitia kwangu. “Iko inatembea. Mi nitatembea nayo. Mutatupata mbele.”

“Mpaka Karonga?” dereva akauliza.

Nabanda alimpita kila mtu akaja akaweka mkono wangu kwenye ubavu wa Gaju. Kulikuwa na kitu kinapiga teke ndani. Akaniambia nimweleze agogo huyu kwamba mnyama huyu ana mimba kubwa, kwamba safari hiyo itamwua ndama na huenda na mama yake, kwamba wangoje kidogo. Nilimweleza. Koko akaweka mkono pale pale.

“Nitangoja izae,” akasema.

Mwalimu akaruka chini, upindo wa suruali ukajaa vumbi. “Koko! Unaacha kwenu juu ya ngombe?”

“Siachi kwetu. Nangoja. Iyo mu tumbo ni ya Aline. Ni ya kwanza. We njo baba yake mukubwa, unataka niimwage mu njia?”

Mwalimu akakung'uta upindo wake, akapanda. Mimi nikashika ubao wa lori kupanda nyuma yake, na hapo nikasikia mkono mkavu umenishika shati.

“Mjomba anaenda wapi?” akasema Koko. “Mali ya mtoto haijazaliwa, mjomba anaenda wapi?”

Nilimweleza kwamba nimelipa. Nilimweleza kwamba ujomba wangu ni wa kuteuliwa tu. Alinitazama, na Aline naye akanitazama kutoka mgongoni, na mke wangu, ambaye alikuwa ameshakaa vizuri, akaanza kushuka na sufuria zake bila kuniuliza. Lori likaondoka na nafasi mbili wazi. Nilikasirika wiki nzima, na nafasi zile sikurudishiwa hata tambala moja, senti ya huku.

Gaju akazaa dume, dogo, bishi. Nilimwambia Koko, haya, amezaa. Akasema tungoje ndama aache kunyonya. Nilipokwenda kumwuliza tena, Gaju alikuwa amepata mimba nyingine, safari hii zamu ya Nabanda, na Koko akasema hawezi kuondoka na mimba ya mwenzake, huo ni wizi. Mkiniuliza mimi, yule ng'ombe alikuwa anafanya makusudi.

Mtauliza faida iko wapi, maana nawajua. Gaju alikuwa na tabia: zamu ya Nabanda alizaa majike mazuri, zamu ya Aline alizaa madume ya kusumbua watu. Lakini dume linauzwa. Dume moja lilikuwa sare na madaftari, jingine likamvusha sekondari, na leo Aline anaishi Nsungwi, mjini Lilongwe, na watoto wake, anawaamuru vilevile. Koko aliishi hadi akamwona anamaliza shule. Basi, mali ya mtoto ilikaa. Ila mimi nikikumbuka Gaju sikumbuki hayo kwanza.

Nakumbuka mvua za mwaka uliofuata lile lori. Kumbe mambo kule hayakuwa yametulia: niliwaona watu wa lori lile wanarudi kwenye njia ya kambi, wachache, polepole. Niliwatambua kwa vichwa vyao, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichokuwa na kitu. Masanduku yangu yote niliyoyakunja kingo mara tatu yalikuwa yamebaki huko njiani, na baadhi ya waliokuwa wameyabeba walibaki nayo. Majina yao siyaandiki hapa. Kila nikijaribu mkono unakataa. Nililia hadharani na sikuona haya. Shati langu lilikuwa bado na ile sehemu aliyoishika Koko, na niliishika mwenyewe kama mtu aliyechanganyikiwa.

Mwalimu Kalume alikuwa wa mwisho, yeye na mkewe, na suruali yake imekatika magotini. Nilimpeleka kwa Koko. Alimkalisha juu ya sanduku, akachukua kibuyu cha Aline, akammiminia maziwa. Mwalimu alikunywa, akapumzika, akanywa tena, Aline amesimama mbele yake anatazama maziwa yake yanavyokwisha. Kisha akafuta mdomo, akauliza taratibu, kwa ile sauti yake ya darasani:

“Koko, ile ngombe iliisha kuzaa?”

“Iliisha,” akasema Koko. “Mais iko na mimba tena.”

Mwalimu akavua viatu vyake, au vile vilivyobaki vya viatu, akaviweka pembeni ya ukuta.

“Bon,” akasema. “Tutangoja.”